Mafuta Yapi

Muhima, Kigali
Ijumaa, Agosti 1990

Zubeda mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo, maana bado upo. Nakusikia huko uani ukibishana na mama yako kuhusu blanketi. Yeye anataka ulibebe, wewe unasema Mwanza kuna joto. Mwachie ashinde, mama, utalikalia kwenye basi. Mambo ya njiani, ya karatasi za mpakani, ya nani atakupokea na shangazi yako anapenda chai ya namna gani, ameshakueleza mpaka mimi nimeyakariri. Siyagusi hayo. Nimetoka msikitini, nimekaa hapa karakana, mlango nimeurudishia nusu, na wateja nimewaambia fundi anaumwa. Siumwi. Namwandikia barua mtoto aliye hatua ishirini kutoka hapa, na ukiniuliza kwa nini sinyanyuki nikaja kusema, sijui. Wiki hii nimejaribu mara tatu. Mara ya mwisho nilikukuta kwenye cherehani, ukanyanyua kichwa, nikakuuliza kama kuna chai.

Basi usinicheke kwa mwandiko wala kwa mpangilio. Kichwa changu kimevurugika tangu ile Jumapili ya mashindano ya magari Remera, na nikisubiri kitulie ndipo niandike, utakuwa umeshaolewa huko na kupata wajukuu.

Nataka kusema habari za gari la Faustin.

Najua umekunja uso. Kunja tu, lakini usiikunje karatasi. Kesho unaondoka kwenda kushona nguo kwa shangazi yako, na watu wote hapa Muhima wanajua kwamba umeacha spana kwa sababu uliua injini. Na wewe unajua hivyo. Mimi peke yangu ndiye nisiyejua. Hilo ndilo la kukwambia: huenda si wewe. Huenda ni mimi. Nimekaa nalo miezi sita nikiwa nimefunga mdomo, nikikutazama unapita hapa mlangoni bila kugeuza shingo.

Nitalieleza kuanzia mwanzo kana kwamba hukuwepo, kwa sababu kila nikilifupisha najikuta nimejipendelea.

Faustin unamjua, bwana wa wizara, siku za kazi anagonga mihuri Kacyiru na Jumapili anavaa helmeti. Alikuja wiki ile na ile nyekundu yake, hata salamu hakumaliza. "Fundi, gari yangu iko nachemka. Si maji, maji iko sawa. Mafuta ndiyo inakuwa nyepesi kama chai, taa inawaka." Nikamwambia ndivyo ilivyo kwenye mizunguko: unazunguka uwanja ule ule kwa gia ya pili na ya tatu, injini inapiga kelele muda wote, upepo hautoshi, mafuta yanapata joto yanakosa nguvu ya kushika chuma. Akafungua buti akatoa kitu kimefungwa kwenye gazeti. Radieta ndogo ya mafuta, rafiki yake alimletea kutoka Ulaya, imeshatumika, na diriti zake mbili, ile mipira mirefu ya kupitishia mafuta, na kile kisahani cha chuma kinachokaa kati ya injini na filta. "Jumapili nakimbia," akasema. Ilikuwa Alhamisi.

Mimi nilikuwa sijawahi kufunga kitu kile. Hilo sikumwambia, wala wewe sikukwambia. Nilikishika nikakigeuzageuza mbele yenu kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani. Ingekuwa ni leo ningesema, "Hiki sikijui, ngoja tukitazame wote." Maneno hayo hayana uzito wowote nikiyaandika hapa. Sijui kwa nini siku ile yalikataa kutoka.

Tukafunga Ijumaa na Jumamosi, mimi na wewe. Radieta ndogo tuliiweka mbele ya ile ya maji, nyuma ya matundu ya mbele, ipate upepo wa kwanza. Wewe ndiye uliyesema diriti zisipite karibu na bomba la moshi, tukazizungusha upande wa pili tukazifunga kwa vipande vya tairi zisisuguane. Ile ilikuwa akili yako, na Faustin nilimwambia ni yangu. Nimesema nitaeleza yote, basi na hilo pia.

Filta ya zamani niliifungua mimi. Kisahani nilikibandika mimi, na filta mpya juu yake nikaikaza mimi. Hapo weka kidole, tutaparudia.

Mafuta tulitia lita nne, mpaka alama ya kijiti cha kupimia. Tukawasha. Sasa, gari lenye radieta ile, ukishawasha, mafuta yanapanda kwenda kujaza diriti na radieta yenyewe, kwa hiyo ukizima na kupima tena utakuta yamepungua lita nzima. Lazima uongeze. Hilo nililijua, nilielezwa na Faustin mwenyewe. Tukazima, na wakati ule ule akaingia mwenye teksi na klachi yake, analia abiria wake wamesimama juani. Nikaingia chini ya teksi. Na nikiwa chini kule nikapaza sauti: "Zubeda! Ongeza mafuta hiyo ya Faustin!"

Au nilisema "oili"? Ndipo ninapopotea. Nasikia sauti yangu ikisema mafuta, kisha nikirudia kusikiliza naisikia inasema oili. Nimeisikiliza mara nyingi mno, sasa siiamini tena.

Ukajibu, "Nimeongeza, baba." Nilikusikia. Sikutoka kupima.

Jioni yake, tulipoliendesha mpaka barabara ya chini na kurudi, ulisema jambo jingine. Uliinama kwenye boneti ukasema, "Baba, inanuka oili." Nikakwambia ni vyuma vipya, vinanuka hivyo siku ya kwanza. Vyuma vipya! Vilikuwa vimeshatumika miaka kadhaa huko vilikotoka. Ukafunga boneti. Na mimi, baba mtu, sikusikia hata kwamba umesema "oili" na si "mafuta". Mtu anayesema oili akimaanisha oili, mafuta kwake ni kitu gani? Swali dogo kama hilo lilipita sikioni mwangu likatokea upande wa pili.

Jumapili ilikuwa mizunguko minane. Wa tano, pale penye kona ya chini, gari likagonga mara tatu ndani, watu wote wakasikia, likazimika. Tukashuka mbio kwenye matope, maana mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikachomoa kijiti: kikavu. Nikageuka nikakuuliza mbele ya watu wote, na sauti yangu unaikumbuka, "Uliongeza mafuta?"

"Niliongeza."

"Kiasi gani?"

"Dumu zima, baba. Lita ishirini."

Mmoja akacheka. Lita ishirini za mafuta ya injini! Wakafikiri umeimwagia kama nguo ya kufua. Ndipo Faustin akafungua tangi, likiwa limejaa esansi, yaani petroli, mpaka shingoni, na kila mtu akaelewa, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Wewe ulisimama na ule mtandio wako wa bluu umeloa, ukitazama mdomo wangu. Ulikuwa unangoja niseme neno. Nilisema, "Mtoto huyu!" Basi. Ndicho nilichosema. Naona haya kukiandika.

Wewe hukuwa mjinga. Ulikulia Ujiji kwa bibi yako mpaka miaka kumi na tano. Kule gari likienda kutiwa mafuta linaenda kwenye pampu, na kile cheusi cha kwenye injini kinaitwa oili. Hapa Kigali wanaokuja kwangu wanasema esansi kwa kile cha pampu, na mafuta kwa kile cha injini, kwa sababu kwa Kinyarwanda ni amavuta tu, ya kupikia, ya kujipaka, ya gari. Mimi nimezaliwa hapa hapa, nazungumza Kiswahili cha baba yangu nyumbani na Kiswahili cha karakana kazini, na sikuwahi kufikiri kwamba ni vitu viwili. Wewe ulitii neno ulilolijua tangu utotoni. Ulikwenda kutafuta dumu, ukalibeba mwenyewe, ukajaza. Kwa neno lile, ulifanya kazi sawasawa.

Ila utajiuliza, "Kwa nini sikuuliza?" Najua unajilaumu kwa hilo, mama yako ameniambia. Sasa nikukumbushe kitu ambacho labda umekisahau, au labda hujakisahau hata kidogo. Mwezi wako wa kwanza karakana nilikwambia ulete mafuta, ukauliza kwa adabu kabisa, "Baba, mafuta yapi?" Nikacheka, nikawageukia wale mafundi wetu wawili nikasema, "Sikieni! Mafuta ni mafuta, sha!" Wakacheka na wao. Uliona haya mpaka masikio. Tangu siku ile hukuniuliza tena jina la kitu chochote. Ulikuwa unatazama mikono yangu na kubahatisha, na nikawa najisifu kwa mama yako kwamba una akili nyepesi, huulizi ovyo.

Mimi nilifundishwa hivyo. Mgiriki aliyenifundisha kazi Bujumbura, ukimuuliza kitu mara ya pili alikurushia spana, nina alama hapa juu ya jicho, ulikuwa unaigusa nikija Ujiji ulipokuwa mdogo. Niliapa kwamba sitamrushia mtu spana. Na kweli sijarusha. Niliona hilo linatosha, nikajihesabu mtu mwema.

Sasa turudi pale niliposema uweke kidole.

Siku ya tatu baada ya Remera niliishusha injini peke yangu. Wewe ulikuwa umeshaacha kuja. Beringi za kranki zilikuwa zimesagika, hilo lilijulikana. Nikafungua filta, nikafungua kisahani. Na nyuma ya kisahani, Zubeda, nikakuta ringi mbili za mpira, moja juu ya nyingine, zimegandana. Moja ni ya kisahani. Nyingine ilikuwa ya filta ya zamani, ilibaki imeng'ang'ania kwenye injini nilipoitoa filta, na mimi sikupitisha hata kidole kuangalia, nikabandika kisahani juu yake. Ukikaza ringi mbili, zinashika wakati injini haina joto, lakini mafuta yakichemka na nguvu ikipanda, zinateleza na kuachia. Fundi wa wiki ya kwanza anafundishwa hilo: toa filta, pitisha kidole. Nimewafundisha wengine kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa hiyo ile harufu uliyoisikia Jumamosi haikuwa ya vyuma vipya.

Nilizibandua zile ringi nikazitia mfukoni. Sikufikiri. Mkono ulifanya, na nilipokuja kufikiri zilikuwa zimeshakuwa mfukoni, na Faustin amesimama mlangoni anauliza, "Umeona nini?" Nikasema, "Ni mafuta tu, yalipungua." Nikakuachia wewe mzigo wote. Niliogopa, mwanangu. Faustin ndiye aliyeniletea wale wote wa mashindano, na kila mmoja alikuwa anasema fundi Sudi, fundi Sudi. Nikaona mtoto atasamehewa, ni mtoto, ni msichana, amekosea neno, watacheka watasahau. Hawakusahau. Wakakupa jina la Dumu. Ukilisikia dukani unainamisha kichwa, nimekuona.

Na bado sijui! Ningekuwa najua kwamba ni mimi, labda ningesema mapema, ningepiga magoti siku moja ikaisha. Lakini nimekaa na hesabu hii mpaka imenichosha. Tulitia lita nne. Nilipoyamwaga, kwenye injini zilitoka lita mbili kasoro, na kwenye radieta ndogo na diriti karibu lita moja. Basi kuna lita moja na kitu imepotea. Ilipotea wapi? Ilitoka kwenye ringi zangu? Chini ya gari kulikuwa na unyevu mweusi, lakini kulikuwa na matope kila mahali, huwezi kusema hiki ni kipi. Au injini iliichoma? Gari lile lilikuwa linakula mafuta tangu zamani. Kama ungeongeza ile lita, huenda yangetosha mizunguko mitatu iliyobaki. Huenda. Kama ringi ingekuwa moja, huenda yaliyokuwemo yangetosha hata bila kuongeza. Huenda tena. Na kama ningetoka chini ya ile teksi nikachomoa kijiti kwa macho yangu, kazi ya dakika moja, yote mawili tungeyaona. Nikifika hapo narudi mwanzo. Naamka nahesabu, naswali nahesabu, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo sikupi jibu. Baba mwingine angekuandikia, "Mwanangu, si wewe," ukaondoka mwepesi. Nilianza barua ya namna hiyo juzi nikaichana, maana ingekuwa uongo wa pili, na huu wa kwanza haujaniachia nafasi.

Leo asubuhi nilikwenda Kacyiru. Nilivaa kanzu ya Ijumaa, mlinzi akafikiri nimekuja kuomba mchango wa msikiti. Nikaingia ofisini kwa Faustin nikaziweka zile ringi mbili mezani, juu ya mafaili yake. Nikamweleza zimetoka wapi na zimekaa wapi miezi hii yote.

Alizigeuza kwa ncha ya kalamu. "Sasa nani ameua moteri yangu? Ni wewe ao ni mtoto?"

"Sijui."

"Hujui namna gani? Si wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo. Na sijui."

Nilitegemea atapiga kelele. Alifunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini, "Yewe Sudi. Mimi nimemwita mtoto wa watu Dumu mbele ya wanaume. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unacheka na sisi." Sikumbuki kwamba nilicheka. Yeye anakumbuka. Hilo nalo nimeliongeza kwenye yale nisiyoyajua.

Gari lake atalipeleka kwa fundi mwingine, ameniambia usoni, na ana haki. Akaniuliza basi lako linaondoka saa ngapi. Kesho atakuwa kituo cha mabasi Nyabugogo. Usimkwepe, na usimrahisishie kwa kusema hakuna shida. Mwache aseme alichokuja kusema. Kisha nikateremka mpaka msikitini, na baada ya swala nikawaambia wale mafundi wetu wawili, pale pale kwenye viatu. Mmoja alitazama chini. Mwingine akasema, "Kumbe," akaondoka. Kesho wateja watakuwa wamesikia. Wacha wasikie.

Sikuandiki haya ili ubaki. Kama unapenda kushona, shona. Mama yako anasema mkono wako kwenye kitambaa ni mzuri, na mimi sijui nguo, naamini. Lakini kama unashona kwa sababu unaogopa kushika chuma, hapo moyo unaniuma, maana mtu aliyenusa ringi zile Jumamosi jioni alikuwa mmoja tu, na mimi nilimwambia anyamaze. Kule Mwanza kuna karakana. Sina zaidi la kusema juu ya hilo. Nikiongeza neno nitakuwa nimeanza kukuamrisha tena.

Nikimaliza mstari huu sikutilii barua hii kwenye sanduku uikute huko. Ningependa sana kufanya hivyo, na ndiyo maana sifanyi. Nakuletea sasa hivi, kabla ya magharibi, nakupa mkononi, nakaa kwenye kile kiti cha jikoni mpaka uisome yote.

Ukimaliza, kuna kitu nataka unisaidie. Tangu siku ile nimekulaumu, Faustin amekulaumu, watu wamekucheka, mama yako amekulilia, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuuliza ulisikia nini. Mimi nakuuliza. Nilipokuwa chini ya ile teksi, nilisema neno gani? Usiseme la kunifurahisha, wala la kunikomoa. Utakalosema nitalichukua kama lilivyo, sitabisha.

Baba yako,
Sudi